Tyubu, Boti ya Mpira, Jaketi: Namna ya Kujua Kama Kifaa Chako cha Upepo Kiliamriwa Kuondolewa Sokoni

Mgeni mmoja, baba wa watoto wawili, alisimama mbele ya banda letu kando ya Nile, hapa Jinja, akaitazama tyubu ya kuvutwa na boti iliyokuwa ikikauka kwenye nyasi. Hakuuliza bei. Alichuchumaa, akaigeuza, akatafuta maandishi karibu na valvu, kisha akanipa simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya tyubu ile ile, rangi ile ile, na chini yake tangazo: aliye nayo aache kuitumia mara moja, kwani mahali kamba ya kuvutia inaposhikia panaweza kung'oka. Tangazo lilikuwa na umri wa miaka minne. Sisi tulikuwa tumeipandisha watu kwa misimu miwili.

Nilipompigia aliyetuuzia, muuzaji mmoja wa Kampala, alicheka kidogo. "Mzee, hayo ni mambo ya huko Ulaya." Hakuwa mkali, na kwa namna fulani alisema kweli. Tangazo liliandikwa kwa ajili ya mtu aliyenunua dukani Ulaya, mwenye risiti na barua pepe iliyosajiliwa. Sisi hatukuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Vifaa vya upepo vinatufikia kwa njia nyingi. Vingine huja ndani ya marobota ya mitumba, vingine kwenye sanduku la shemeji aliye London, vingine huachwa na wageni wanaojitolea wanapoondoka, na vingine huagizwa mtandaoni. Kila njia kati ya hizo hukata uzi unaomwunganisha mtengenezaji na mtumiaji. Kwa hiyo ukikaa ukingoja kuarifiwa, utangoja sana. Unapaswa kulifuata tangazo mwenyewe, na kazi yenyewe haizidi saa moja kwa mwezi ukishaizoea.

Kwanza, ujue unatafuta nini

Kuna matangazo ya namna tatu, na watu huyachanganya. La kwanza ni kurejeshwa kwa bidhaa, ambapo hata zilizokwisha kununuliwa zinatakiwa zirudi, zitengenezwe au ziharibiwe. Kwa Kiingereza huitwa recall. Likariri neno hilo, maana ndilo utakaloandika ukitafuta. La pili ni kusimamisha mauzo: bidhaa huondolewa rafuni, lakini iliyoko nyumbani kwako haifuatwi na mtu. La tatu ni onyo tu. Mamlaka inasema kifaa ni hatari hata kama mtengenezaji hajakubali kukirejesha. Mimi huyapa yote matatu uzito mmoja, kwa sababu mtoni hakuna tofauti.

Usidhani kila kasoro ni panchari. Mwaka 2006, nchini Marekani, ilirejeshwa tyubu ya kuvutwa iitwayo Wego Kite Tube, ya kampuni ya Sportsstuff, yapata 19,000. Ilikuwa duara pana la kama futi 10, iliyoundwa ipae juu ya maji nyuma ya boti inayokimbia. Ilipaa kama ilivyokusudiwa, na watu wakaanguka kutoka juu wakaumia vibaya. Ungeikagua tyubu ile mshono kwa mshono usingeona kosa lolote, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye wazo lenyewe. Ndiyo maana ukaguzi wa macho, hata wa fundi mzuri, hauchukui nafasi ya kutafuta tangazo.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Mwaka 2009 kampuni ya Aqua-Leisure ilirejesha maboya ya watoto wachanga yapata milioni 4, yale yenye kiti katikati na matundu mawili ya miguu. Kiti kiliweza kuchanika mtoto akazama. Maboya hayo yalikuwa yameuzwa kuanzia 2002 hadi 2008. Hebu fikiria: miaka sita ya mauzo, mamilioni ya maboya kwenye makabati ya watu, na plastiki haiozi. Vitu vya namna hii ndivyo huibuka miaka mingi baadaye kwenye robota, vikiwa safi kabisa, kwa bei ya kutupa.

Na kama una mtoto mchanga, usikubali boya la kuvalishwa shingoni, lile linalomning'iniza mtoto majini kichwa kikiwa juu. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wazazi wasiyatumie kwa watoto wachanga, hasa wenye ulemavu au ucheleweshaji wa ukuaji. Kwa hilo sihitaji kusoma lebo.

Pili, nakili utambulisho wa kifaa siku kinapofika

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Tangazo husema jina, namba ya modeli, namba ya bechi (kundi lililotengenezwa pamoja), tarehe ya kutengenezwa, pengine na rangi. Jua la hapa, mchanga na mafuta ya kujipaka hula maandishi hayo kabla msimu haujaisha. Kwa hiyo siku kifaa kinapoingia bandani, kabla hata hakijajazwa upepo, kipige picha.

Kwenye tyubu na maboya, angalia pembeni mwa valvu na kando ya mshono wa chini. Mara nyingi kuna aya ndefu ya maonyo kwa lugha kumi, na namba ziko mwishoni. Kwenye ubao wa kupiga kasia, ule wa upepo unaosimama juu yake, tazama nyuma karibu na pezi, halafu kwenye mfuko wake. Kwenye jaketi la kuokoa maisha, fungua upande wa ndani wa mgongo. Lebo ikiwa imefutika, usikate tamaa. Zima taa, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa plastiki ili mwanga upite kwa mshazari. Namba zilizochapwa kwa kugandamizwa zitaonekana kama makovu. Zikikataa bado, paka unga wa chaki, futa kwa kiganja mara moja, na kilichobaki kwenye mifereji ndiyo namba. Nimewahi kusoma hivyo namba ya boti iliyolala nje mvua na jua kwa muda mrefu.

Boti za mpira zina kitambulisho chao, namba ya bodi, ambayo kwa kawaida huwa nyuma upande wa kulia. Ya Marekani ina herufi na tarakimu 12. Tatu za mwanzo ni alama ya mtengenezaji, tano zinazofuata ni za boti yenyewe, kisha herufi moja ya mwezi (A ni Januari, B ni Februari, endelea hivyo), tarakimu moja ya mwaka ilipotengenezwa, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Ya Ulaya hutanguliwa na herufi mbili za nchi. Muuzaji akikuambia boti ni ya mwaka juzi na mwisho wa namba unasoma 09, mmeshajuana.

Andika yote kwenye daftari. Simu huibiwa, simu huanguka mtoni. Daftari langu la kaunta lina miaka saba na bado linasomeka. Kila kifaa kina ukurasa wake: jina, namba zote, kilitoka kwa nani, lini, kwa bei gani, na risiti imebanwa hapo hapo. Kisichokuwa na jina nakipa namba yangu mwenyewe kwa maka, TY-4, BT-2, ili tukizungumza bandani tujue tunazungumzia kipi.

Tatu, tafuta

Tovuti zenyewe ni chache. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani, CPSC, ina orodha ya miaka mingi na unaitafuta bila kujisajili. Ulaya wana Safety Gate, ambayo zamani iliitwa RAPEX, na hutoa taarifa mpya kila wiki pamoja na picha. Uingereza kuna OPSS, ofisi ya usalama wa bidhaa iliyoanzishwa 2018. OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi nyingi, nao wana ukurasa unaokusanya matangazo ya nchi nyingi pamoja; mimi huanzia hapo nikiwa na haraka.

Kuna mtego mmoja ulionipotezea siku nzima. Nilitafuta boti ya mpira kwenye orodha ya CPSC, sikuona kitu, nikafurahi. Kumbe kwa Marekani boti ziko chini ya Walinzi wa Pwani, na orodha yao ni nyingine. Tyubu, maboya ya bwawani na vitu vya kuchezea, nenda CPSC. Boti, nenda kwa Walinzi wa Pwani. Majaketi, tazama kote kuwili.

Andika kwanza jina la kampuni na neno recall. Usipopata, andika namba ya modeli peke yake. Usipopata tena, andika aina ya kifaa kwa Kiingereza na uchuje kwa picha. Kwa vitu visivyo na jina, na soko letu limejaa hivyo, Safety Gate ndiyo mkombozi, kwa sababu huorodhesha hata bidhaa ambazo chapa yake haijulikani, kwa picha na maelezo ya boksi. Usidharau sababu zinazotajwa humo. Utakuta mishono dhaifu na valvu zinazofunguka, utakuta boya la mtoto lenye chumba kimoja tu cha upepo, na mara nyingi utakuta kemikali za kulainisha plastiki, ambazo kwa vitu vya kuchezea vya watoto Ulaya imeweka kikomo cha asilimia 0.1. Ile harufu kali inayokupiga usoni ukifungua boksi haikuthibitishii kitu, lakini ni sababu tosha ya kutafuta.

Ukilipata tangazo, lisome kwa kidole, mstari kwa mstari, huku kifaa kikiwa mbele yako. Mara nyingi huhusu bechi fulani tu. Boti mbili zinazofanana kama mapacha, moja imo na nyingine haimo.

Nne, kitoe kazini siku hiyo hiyo

Siku hiyo hiyo. Hata kama ni Jumamosi na watalii wamepanga foleni.

Toa upepo wote, chomoa kifuniko cha valvu uende nacho, andika USITUMIE kwa maka pande zote mbili, kisha kifungie mahali penye kufuli. Waambie wenzako wote, kwa lugha wanayoisikia vizuri. Bandani kwetu nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiganda kibovu, na kijana mmoja akamalizia kwa Kisoga. Hilo la kifuniko ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kifaa kisicho na kifuniko hakijaziki kirahisi, na askari wa usiku hawezi kukichukua "wakachezee watoto" kwa nia njema kabisa.

Usikikate bado. Watengenezaji wengine hutaka kifaa chenyewe, wengine hutaka picha tu ya kifaa kilichokatwa na namba ikionekana, na ukikata kabla ya kusoma masharti umepoteza haki yako. Na usikiuze. Najua maisha ni magumu na tyubu ile ilitugharimu fedha, lakini kumwuzia mtu wa Masese au wa Entebbe kitu unachojua kinang'oka ni kumhamishia msiba.

Tano, dai chako

Mwandikie mtengenezaji barua pepe fupi yenye picha tatu: kifaa kizima, lebo, na sehemu yenye kasoro. Taja namba ya tangazo. Eleza uko Uganda na ulikipataje. Matangazo mengi husema yanahusu nchi ilikouzwa bidhaa tu, lakini andika hata hivyo. Mimi nimejibiwa mara mbili na mara moja nikatumiwa kipuri. Ulaya, tangu Desemba 2024, sheria mpya ya usalama wa bidhaa inamtaka anayerejesha bidhaa ampe mteja nafasi ya kuchagua angalau kati ya njia mbili: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Kwa hiyo kama kifaa uliachiwa na mgeni wa kujitolea, mwandikie yeye. Yeye ndiye mnunuzi, risiti iko kwenye barua pepe yake, na kwao dai litapita mlango wa mbele.

Ulinunua hapa? Rudi dukani na risiti na tangazo lililochapwa kwenye karatasi. Simu hupuuzwa, karatasi haipuuzwi sana. Sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya 2017 inataka bidhaa inayouzwa iwe na ubora unaofaa na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Sema hivyo kwa upole, ukiwa umesimama kaunta, wateja wengine wakisikia.

Kisha toa taarifa kwa Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, makao yake Bweyogerere. Shirika hilo lilianzishwa kwa sheria ya 1983 na likaanza kazi 1989. Lina utaratibu wa kukagua mizigo ya biashara kabla haijasafirishwa kuja nchini, lakini utaratibu huo hauoni kilichokuja kwenye sanduku la abiria. Wasipoambiwa na sisi tunaovikuta, watajuaje?

Sita, vipime hata visivyo na tangazo

Kukosa tangazo si cheti cha usalama. Mara mbili kwa mwaka tunafanya yafuatayo, na tunapanga siku isiyo na wageni.

Jaza upepo jioni, andika kipimo cha geji, acha hadi kesho yake. Ila usikitazame asubuhi na mapema ukaanza kulia. Boti iliyojazwa mchana wa nyuzi 28 kwa PSI 2.5 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) itasoma karibu 2.0 alfajiri ya nyuzi 18, bila kuvuja hata chembe. Baridi imeukaza upepo. Pima tena saa ile ile uliyojazia. Ikiwa imepungua, chukua maji ya sabuni na sifongo, pitisha polepole kwenye mishono na kuzunguka valvu, kisha sogeza sikio. Povu dogo linalokua taratibu, kama jicho la kaa, ndilo tundu. Tundu la katikati ya mpira lizibe kwa kiraka na gundi ya aina ya mpira wenyewe. Solusheni ya baiskeli haishiki plastiki ya PVC, itabanduka wiki ijayo. Mshono unaofunguka, hasa penye kamba au mpini, usiuzibe. Hiyo ni kazi ya kiwanda au ya jalala.

Boti yenye vyumba kadhaa ina kipimo cha ziada ambacho wengi hawakijui. Jaza vyumba kwa kuruka: cha kwanza kijae, cha pili kiwe kitupu, cha tatu kijae. Acha saa chache. Kama kile kitupu kimeanza kuvimba chenyewe, ukuta wa ndani umetoboka. Boti hiyo mchana itaonekana nzima kabisa, na siku itakayopasuka upande mmoja kwenye mawe ya Itanda, maporomoko ya Nile, italegea yote.

Mbao za kupiga kasia ndizo zinazobeba upepo mwingi, PSI 12 hadi 15, na jua ni adui yao. Ubao uliojazwa 15 ukiwa baridi, ukilala nchi kavu juani hadi upate nyuzi 60, unapita 18. Mwinuko nao unaongeza. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Bunyonyi iko karibu 1,950. Ubao uliojazwa Entebbe ukafungwa juu ya gari hadi Kabale unafika na takriban PSI 1 ya zaidi, kabla jua la barabarani halijahesabiwa. Safiri nao ukiwa nusu.

Sasa majaketi. Tangu MV Templar izame Ziwa Victoria tarehe 24 Novemba 2018 na kuua watu zaidi ya 30, wageni huuliza majaketi kabla ya kuuliza chakula. Vizuri. Lakini kuna majaketi ya sponji na majaketi yanayojijaza gesi, na la gesi lisilokaguliwa ni shati tu. Fungua kifuniko, zungusha mtungi mdogo wa gesi mpaka utoke mahali pake. Ukiwa na tundu mdomoni, umeshatumika. Ukiwa na kutu, tupa. Kisha upime uzito: mtungi una namba ya gramu iliyogongwa ubavuni, uzito wa mtungi pamoja na gesi yake, na mizani ya sonara inatosha. Ukipungua chini ya namba hiyo, gesi imevuja. Baadaye lijaze jaketi kwa mdomo kupitia mrija wake, uliache usiku kucha. Tazama pia tarehe kwenye kile kidude kinachofyatua kikilowa. Nacho huisha muda.

Kwa mtoni kwenye mawimbi makubwa, hata hivyo, usivae la gesi kabisa. Lile la kujifyatua litafyatuka kwa wimbi la kwanza, na la kuvuta kamba linataka mtu mwenye fahamu. Vaa la sponji.

Na tyubu za matrekta, zile nyeusi ambazo vijana hukodisha ufukweni siku za sikukuu? Hakuna tangazo litakaloziorodhesha kamwe, kwa sababu hakuna aliyezitengeneza kwa ajili ya maji. Zina chumba kimoja, na valvu ya chuma inayochana paja. Kama lazima watoto wazichezee, zifungiwe kamba, valvu ifunikwe kwa kitambaa, na mtu mzima asimame majini yanapofika kiunoni, asiwe kwenye kiti akila samaki.

Kuhusu ratiba, nimejiwekea Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla ya saa nne asubuhi, wakati banda halina watu. Nafungua daftari, napitia majina yote kwenye zile tovuti, naandika tarehe pembeni. Kifaa kipya nakisajili kwa mtengenezaji kwa barua pepe ya banda, si yangu, ili nikiondoka taarifa zisiondoke nami. Ile tyubu ya mwanzo bado iko kabatini imekunjwa, haina kifuniko cha valvu. Mtengenezaji alitaka picha ikiwa imekatwa katikati ya namba. Kesho naazima mkasi wa fundi nguo.